Wahuni wa Temeke

Bibi alinifungia noti kwenye kipande cha khanga, akaniusia: "Ukishuka Temeke, jihadhari na wahuni."

Nilikuwa sijawahi kuvuka Rufiji. Daraja la Mkapa lilikuwa bado jipya, limefunguliwa 2003. Waliotutangulia walikuwa wakikesha ng'ambo wakisubiri kivuko. Shida yetu ilikuwa kabla ya daraja. Kati ya Somanga na Ndundu hapakuwa na lami, masika yamekolea, basi likazama. Abiria tukashuka kusukuma, konda akitupigia makelele kama vile sisi ndio tuliolizamisha. Mbagala Rangi Tatu tuliingia usiku, matope magotini.

Wapiga debe wakalivamia begi langu. "Tandika hiyo, Tandika! Dogo, lete mzigo!" Nikajua ndio hao. Kumbe mjomba keshafika, anagongana viganja na yule aliyening'ang'ania. "Jirani yangu huyu," akasema.

Ndani ya daladala, tukipita Mtoni kwa Aziz Ali, nikamuuliza: sasa mjomba, wahuni ni wepi?

"Mmojawapo mimi."

Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ikatanda mjini. Asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji. Mjomba alikuwa akitembeza karanga, na karanga hazina kitambulisho. Akapakiwa kwenye lori, akarudishwa Kilwa.

Mchezo huo mkoloni alikwishaucheza. Zamani mhuni alikuwa mtu asiye na mke, makazi wala ndugu wa kumsimamia. Yaani kosa lake ni kukosa watu. Watawala wa Kiingereza hapa Dar es Salaam wakalichukua neno hilo wakawabandika vijana wote wasio na ajira, wakawakusanya na kuwarudisha makwao. Nao kwao walikuwa na hooligan, neno lililovuma katika magazeti ya London mwaka 1898, na wengi hudhani limetokana na jina la ukoo wa Kiayalandi. Mgeni maskini hakosi jina. Ajabu, siku hizi vijana wa Temeke na Kinondoni huitana wahuni kwa mapenzi kabisa.

Mjomba hakukaa sana Kilwa. Alirudi Temeke kimyakimya, na mpaka leo anauza mitumba sokoni Tandika.