Tangu Nilipojifunza Kusoma Fremu

Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi nzima kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Wakati huo nilikuwa na yadi nje kidogo ya mji wa Kitale, imejaa mabati, plau za trekta, vitanda vya chuma na pikipiki kuukuu. Sikuruhusiwa kuuza hata kilo moja. Mei mwaka huo marufuku ikaondolewa, mizani ikatolewa stoo, na wenzangu wakaendelea pale walipoachia. Mimi nilishindwa. Miezi ile ya kukaa bila kazi ilinigeuza, na sina budi kushuhudia.

Hadi wakati huo, pikipiki ya zamani kwangu ilikuwa uzito wake tu. Ikifika yadini tunashusha injini, alumini inawekwa kando kwa sababu bei yake ni nzuri, nyaya zinachunwa zitoe kopa, kisha kijana anawasha grinda na kuikata fremu vipande vya kutosha kuingia guniani. Na chuma cha aina hiyo hakikuadimika. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba makubwa ya huku yalijaa mashine. Walowezi walipoondoka baada ya uhuru, mashine nyingi zilibaki mabandani. Juu ya hizo zikaja Honda na Yamaha za maafisa wa kilimo, wamishonari na wasimamizi wa miwa kule Nzoia. Zote nilizipima kwa mizani moja.

Aliyenigeuza ni kuka, baba yake mama, mzee wa Chwele kule Bungoma. Alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya kliniki. Ujanani mwake, miaka ya 1950, alikuwa spana boi katika gereji moja ya hapa Kitale, na pikipiki za Waingereza alizijua kwa vidole. Mchana alipenda kuketi yadini chini ya mgrevilia, mkongojo mapajani, akitazama rundo langu bila kusema neno.

Siku moja akanyoosha mkongojo.

"Ile pale umenunua kwa nani?"

"Ilitoka shamba moja upande wa Endebess, kuka. Ni BSA, lakini imekufa. Haina hata injini."

"BSA gani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nilete brashi ya waya na mafuta taa, niisugue polepole upande wa kushoto, mbele. "Na hiyo grinda yako iweke mbali, mjukuu wangu. Kama kuna maandishi, hayarudi yakishakwenda."

Nilisugua kutu, nikakuta rangi nyeusi, na chini yake chuma kitupu. Kwanza sikuona kitu. Kuka akanituma nikatoe karatasi kwenye daftari la mtoto, nikaibandika juu ya chuma, nikapitisha ubavu wa penseli juu yake kidogo kidogo. Maandishi yakaibuka meupe katikati ya weusi wa penseli: ZB31S, kisha tarakimu. Kila herufi ilikuwa imeinama kwa namna yake, moja imezama zaidi ya jirani yake. Ziligongwa kwa nyundo na mkono wa mtu, huko Small Heath, Birmingham, kiwandani kwa BSA. Nilishika karatasi ile nikijua kwamba kitu nilichotaka kukifanya gunia la vyuma kilikuwa na jina.

Kuka alinifunulia jina hilo kipande kwa kipande. B31 ni pikipiki ya silinda moja, 350 sisi, iliyoundwa kuanzia 1945 hadi 1959. Jina likabaki lile lile miaka yote hiyo, lakini fremu haikubaki moja. Za kwanza hazikuwa na springi nyuma. Ekseli ya gurudumu ilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na mwendeshaji alitegemea springi za kiti peke yake. Baadaye kiwanda kikatoa nyingine yenye vikombe viwili vilivyosimama wima, kimoja kila upande wa ekseli, vyenye springi ndani. Hiyo ndiyo yenye S mwishoni, na ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Mwaka 1954 ikaja fremu ya swingamu, yenye shoko mbili nyuma kama tunavyozijua leo, na herufi za mwanzo zikabadilika kuwa CB31. Anayetafuta vipuri bila kujua hayo atatupa pesa, maana gurudumu na madigadi ya moja hayakai kwenye nyingine.

Kisha akanionyesha viungo. Katika fremu kama ile, mabomba yaliingizwa kwenye vifundo vya chuma kizito na kushikizwa kwa brasi iliyoyeyushwa. Niliposafisha kiungo kimoja nikaona mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu ukizunguka mdomo wa bomba, sawasawa, bila kuvimba. Upande wa pili palikuwa na weldi ya umeme, nene, yenye makunyanzi. "Hapa ni kiwanda," akasema akigusa brasi. "Na hapa ni mtu wa hapa, baada ya kuanguka vibaya." Nilikuwa nimeshika brasi na chuma maisha yangu yote ya kazi, nikivitenganisha kwa ajili ya bei. Sikuwahi kuangalia vilikutana vipi.

Tangu siku hiyo nilianza kupekua rundo zima. Nilipata fremu yenye WM20. Hiyo ni BSA ya jeshi; ile W iliwekwa kwa za Vita vya Pili vya Dunia, na M20 zilizoingia jeshini zilifika takriban 126,000. Nilikwaruza kidogo chini ya tabaka za rangi za kiraia nikakutana na kijani cha kaki. Ina vifundo vya kufungia gari la pembeni, vilivyofuliwa pamoja na fremu yenyewe. Hiyo siiuzi. Ningependa ikae Makumbusho ya Kitale, ambayo yenyewe ilianza kwa vitu vilivyokusanywa na mlowezi mmoja, Kanali Stoneham. Vipepeo na mikuki vimepewa nafasi. Chuma kilichobeba watu wetu na barua zetu kinastahili nafasi pia.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea Bungoma, na halikuhusu BSA.

Mama mmoja wa Kanduyi, mjane, alikuwa na Honda CG125 ya marehemu mumewe. Alitaka kuiuza alipe karo. Mnunuzi akaja, akainama na tochi, akasoma namba ya injini, akasoma ya fremu, akasimama akasema hazifanani: hii imeunganishwa, pengine ni ya wizi. Akaondoka. Maneno yakazunguka, kama yanavyozunguka, na yule mama akakaa na shaka juu ya mtu aliyelala kaburini na hawezi kujitetea. Binamu yangu ndiye aliyenipigia simu.

Nilifika, nikamsalimu, tukaketi kwanza. Kisha nikasafisha kichwa cha fremu pale usukani unapopita, na upande wa kushoto wa injini chini. Kwenye fremu palisomeka CG125 na tarakimu. Kwenye injini CG125E na tarakimu nyingine. Ile E ni ya injini. Honda ilivitoa kiwandani hivyo, kila kimoja na hesabu yake. Nikamwomba logibuku. Namba zote mbili zilikuwa zimeandikwa humo, kila moja mahali pake, sawa na kwenye chuma.

"Kwa hiyo hakuiba?" akaniuliza.

"Hakuiba, mama. Ilizaliwa hivi."

Alifunika uso kwa leso. Sikusema zaidi.

Kila kiwanda kilikuwa na desturi yake, na hilo ndilo ninalotamani kila fundi wa huku alijue. BSA za miaka ya 1950 zilitoka na namba ya injini tofauti na ya fremu. Waliokuwa wanajua jozi ni makarani wa kiwanda, na vitabu vyao vya usafirishaji bado vimehifadhiwa na wapenzi wa pikipiki za zamani Uingereza. Yamaha za miaka ya 1970 kwa kawaida ziligongwa namba moja kote kuwili, kwa hiyo kwao kutofautiana ni dalili ya kwamba injini imebadilishwa. Honda tumeiona. Ukizipima zote kwa kanuni moja utamwita mtu mwaminifu mwizi, na mwizi utampisha.

Maana wezi wapo. Steji zetu za bodaboda, kuanzia Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye, zimejaa vijana waliopoteza pikipiki usiku. Siku hizi namba ya fremu ni ya herufi na tarakimu 17, na haina kamwe I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Bajaj za India huanza na MD2, TVS na MD6, Honda za Brazil na 9C2. Vijana huniletea kabla ya kulipa, nami hufanya vile vile nilivyofundishwa: mafuta taa, brashi, karatasi, penseli. Namba ya kiwanda cha kisasa imepangwa mstari mmoja, nafasi sawa. Iliyosagwa na kugongwa upya huyumba, na ukipitisha kidole unahisi bonde. Wachunguzi wa jinai wanaweza hata kuirudisha namba ya zamani kwa asidi, kwa sababu kipigo cha kwanza hukandamiza chuma hadi chini ya kile kinachoonekana.

Kuka alirudi Chwele, na nikimtembelea hubeba karatasi mpya za penseli. Huzisogeza karibu na dirisha, akazipanga kwa miaka, na akikuta asiyoijua hunirudishia akasema nikaipige picha fremu nzima.

Yadi bado ipo, na vyuma bado nauza. Nina watoto wa kulisha. Ila fremu ya pikipiki haiguswi na grinda kabla haijasomwa, na vijana wangu wawili sasa husugua wenyewe. Mwezi uliopita kijana wa Misikhu aliniletea Bajaj Boxer ya bei rahisi mno. Herufi ya tano ilikuwa O. Nikamwambia asilipe. Alikasirika, maana alikuwa ameshakopa kwenye chama. Wiki hiyo hiyo akaja na nyingine, ghali kidogo, tukaisoma pamoja mwanzo hadi mwisho, na logibuku mkononi. Anaiendesha hadi leo kati ya Misikhu na Webuye.