Mguu wa Mdogo Wangu Si wa Mzee wa 1955

Wasee, mmeniuliza mbona ile vidio ya goti haipo. Niliifuta. Ngoja niwaambie kwa nini.

Ilikuwa ya mdogo wangu, miaka saba, akipiga mpira kwa uwanja wetu wa vumbi huku Kayole. Niliirekodi na simu, nikaiweka kwa programu ya kupima mwendo, ikanipa namba ya nguvu inayozungusha goti lake. Mimi nikaona ni kubwa. Nikaandika, "Tunaharibu magoti ya watoto." Watazamaji wakajaa. Mathe naye akaiona, na kijana akakatazwa mpira. Wiki tatu nzima anakaa kwa ngazi akiangalia wenzake.

Halafu msee mmoja akauliza kwa komenti: "Programu ilijuaje mguu wake ni kilo ngapi?"

Niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilikatika, kwa hivyo mtu akinisahihisha huwa nawaka haraka. Nilianza kumjibu vibaya. Nikafuta. Ukweli ni kwamba sikujua.

Nikaenda kusoma. Huwezi kumtoa mtu mguu uuweke kwa mizani, kwa hivyo watafiti hukisia. Programu yangu ilikuwa inatumia jedwali moja la vitabuni: kuanzia goti kwenda chini, pamoja na wayo, ni asilimia 6.1 ya uzito wa mwili. Chanzo chake ni kazi ya Dempster ya 1955, aliyoifanyia jeshi la anga la Marekani. Alikata maiti nane kwenye viungo, akapima kipande kwa kipande. Zote nane zilikuwa za wanaume, tena wazee.

Sasa jedwali hilo hilo linasema kichwa na shingo ni asilimia 8.1. Mdogo wangu ana kilo 22, kwa hivyo kichwa chake kingekuwa kilo 1.8. Manze, huyu mtoto umemwona? Mtoto akizaliwa, kichwa ni karibu robo ya urefu wake. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa saizi.

Na kuna watu waliliona hilo kitambo. Kule Kanada, Jensen aliwapiga wavulana picha kwa mbele na kwa upande, akaugawanya mwili kwenye picha kuwa vipande vya sentimita mbili, kila kimoja akakihesabu kama duara lililobanwa. Mwaka wa 1989 alichapisha venye uwiano huo hubadilika kati ya miaka 4 na 20: kichwa kinapungua sehemu yake, paja linaongeza.

Mimi sina studio, nina ndoo. Nikaijaza hadi pomoni, nikaiweka ndani ya karai, kijana akatumbukiza mguu hadi goti. Maji yaliyomwagika nikayapima na jagi. Tulirudia mara tatu, akicheka na kutikisika, na kila mara jibu likawa tofauti, karibu lita 1.1. Nyama na mfupa ni vizito kidogo kuliko maji, kwa hivyo tuseme kilo 1.2. Jedwali lilisema 1.34.

Utasema gramu 140 ni nini. Lakini wakati wa kupiga mpira mguu uko hewani, kwa hivyo hesabu yote ya goti inategemea uzito wake na mahali uzito huo umekaa. Na umbali kutoka gotini unazidishwa kwa wenyewe, kwa hivyo ukikosea umbali, kosa linakua. Mimi niliposti namba ikiwa na desimali mbili, kana kwamba nimepima.

Simaanishi mpira hauwezi kuumiza mtoto. Namaanisha mimi sikuwa na ushahidi, na hata namba ingekuwa sawa, sikuwa na ya mtoto mwingine ya kulinganisha.

Jioni hiyo nikamwambia mathe nilikosea. Alinyamaza kidogo, akaendelea kukata sukuma. "Na ulikuwa unaongea na uhakika hivyo?"

"Ndiyo, mathe."

Kijana alikuwa mlangoni anasikiliza. Alikuwa tayari amevaa viatu.