Chumba cha mama, hapa Katuba

Mama yangu alipohamia kwetu Katuba baada ya kifo cha baba, tulimpa chumba cha nyuma. Kuta nyeupe, kitanda, kiti kimoja cha plastiki. Wiki mbili mfuko wake ulibaki umefungwa karibu na mlango, kama wa mtu anayengojea treni. Nilipomuuliza sababu alijibu: "Niko mugeni huku."

Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kununua vitu vipya katikati ya mji hatukuweza. Basi Jumamosi moja tulipanda busi, mimi na yeye, tukaenda Kamalondo, mtaa wa zamani uliojengwa wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Baba mdogo angali anaishi katika ile nyumba. Nyuma ya kabati tulikuta sanduku la bati, na ndani yake vitambaa vya krosheti, vya manjano kwa uzee. Mama alivifuma akiwa msichana, katika fwaye sosiale ya Union Minière, kampuni ambayo baadaye ikawa Gécamines. Huko wanawake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma na kupika. Alivishika vitambaa vile kimoja kimoja, akitaja majina ya rafiki waliokaa naye benchi moja.

Chini kabisa ilikuwa picha ya mamba muntu: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nyoka karibu naye, saa mkononi. Miaka ya 1970 picha za namna hiyo zilitundikwa katika salon nyingi za hapa Lubumbashi. Wapaka picha, kama Tshibumba Kanda Matulu, walitumia mara nyingi kitambaa cha mifuko ya unga, na ya baba ni hivyo hivyo: ukiigeuza, unaona maandishi ya kinu.

Tukarudi kwa soko la Kenya. Mafundi wa kushona wanauza mabaki ya vitenge kwa bei ndogo. Chagueni yenye uzito mmoja, la sivyo kitambaa chembamba kitapasuka kwenye mshono. Ukutani nilipaka chokaa niliyoichanganya na bulu ya kufulia na chumvi kidogo, ili isishike nguo. Jaribuni kwanza pembeni, maana ikikauka rangi inapauka sana. Na msiipake juu ya rangi ya mafuta: itabanduka yote. (Mimi niliijua hiyo kwa gharama yangu, katika korido.)

Shida ilikuwa picha. Jirani mmoja wa kusali aliona, akasema inaita roho mbaya. Mume wangu naye akasita: watoto wataogopa, tuiache katika sanduku. Mimi mwenyewe siipendi sana. Macho yake yanakufuata. Lakini mama alisema polepole tu: "Baba yako aliinunua na mushahara yake ya kwanza." Mume wangu akanyamaza, akaenda kutafuta nyundo.

Iko mbele ya kitanda, juu ya ukuta wa bulu, vitambaa vya krosheti chini yake kwenye meza ya mbao tuliyoipaka nyekundu. Vitenge vya rangi kumi na nne haviendani hata kidogo, na chumba kinacheka.

Mfuko sasa uko juu ya kabati, mtupu. Mama analalamika tu kwamba msumari wa picha umepinda.