Pesa ya jipsamu nimeimalizia kwenye baiskeli

Siku hizi Dar ukitaka watu wajue mambo yako yamekunyookea, wala huhitaji gari. Weka jipsamu. Dari ya ngazi ngazi, taa za buluu zinachungulia pembeni, rangi ya maziwa ukutani, basi, hata jirani asiyekusalimia atakuja kuomba maji ya kunywa apate kuiona sebule. Sina ugomvi na jipsamu, wapenzi wasomaji. Inapendeza ile mbaya. Shida ni kwamba mimi ni mpangaji. Nina chumba na sebule Tabata, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba ni wa wale ambao ukipiga rangi tu, mkataba ukiisha anapandisha kodi kwa kuwa "nyumba imependeza".

Sasa Novemba 2025 zamu yangu ya upatu ikafika. Shilingi milioni moja na laki nne. Ungedhani nimeshinda bahati nasibu, maana kila mtu alikuwa na mpango nazo. Shangazi alishaleta fundi, fundi akapima dari kwa macho akiwa bado mlangoni, akataja laki tisa. Mchumba wangu akaona poa, kwani wazee wake walikuwa waje kuniona Januari na hakutaka wakae chini ya silingibodi yenye ramani ya maji ya mvua.

Mimi nikawaambia pesa hiyo ina safari. Nakwenda Rwanda na shoga yangu wa kazini, tukaendeshe baiskeli kando ya Ziwa Kivu.

Kimya kilichofuata si mchezo.

"Baiskeli?" shangazi akauliza. "Mtoto wa kike, na wakwe wako njiani?"

"Shangazi, wakwe watanikuta nimesharudi."

Mchumba yeye alisubiri shangazi aondoke. "Watu wataniuliza nimeshindwa nini mpaka mwanamke wangu anapanda baiskeli." Hapo nikajua kwamba laki tisa haikuwa tatizo. Bongo baiskeli ni ya muuza maziwa, ya muuza mkate, na ya mzungu. Mwanamke mwenye kazi yake akionekana juu yake, ama kaishiwa ama kachanganyikiwa.

Tukaondoka mwanzoni mwa Disemba. Baiskeli zetu ni za mtumba, zenye gia. Tulitoa tairi za mbele na usukani tukazifunga kwenye maboksi, na konda akadai nauli ya mzigo kama vile tumembebesha ng'ombe. Njia inapita Kahama, Ngara, hadi mpaka wa Rusumo penye maporomoko ya Mto Kagera. Ukivuka tu, magari yanahamia kulia, na saa inarudi nyuma kwa saa moja. Ya saa nilizoea haraka. Hiyo ya kulia, siku ya kwanza kila kona nilikuwa najisemea kwa sauti, "kulia dada, kulia", watu wakinishangaa.

Kutoka Kigali tukapanda basi lingine hadi Gisenyi, mji uliopakana na Goma ya Kongo. Nyumbani walishatutisha sana kwa hilo, na si bure, maana Goma ilitekwa na M23 Januari 2025. Lakini njia yetu ilielekea kusini, mpaka tukaupa kisogo. Inaitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Gisenyi hadi Rusizi. Sisi tulichukua kipande cha kuishia Kibuye, siku tatu taratibu.

Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mapafu yangu ni ya Dar. Kilima cha kwanza nilishuka nikasukuma, cha pili nikasukuma, baadaye nikaacha kuhesabu. Na hakuna aliyenicheka! Vilima vile kila mtu anasukuma. Wanaume wamefunga mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa na magunia ya viazi, jasho linawatiririka, na wakikupita wanakuuliza habari. Wapo pia wabeba abiria, wanaitwa abanyonzi, keria limewekewa mto laini kama zile daladala za baiskeli za Shinyanga. Kilima kikizidi, abiria anateremka mwenyewe, wanatembea wote wakipiga stori, juu anapanda tena. Yaani hakuna mtu anayejieleza kwa nini yuko na baiskeli.

Kiswahili kilitufaa. Ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na huko ziwani wengi wanakipata kupitia Kongo. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu alitutazama tulivyokaa chini tunahema, akasema, "Wanamuke wa Tanzania, munachoka mapema!" Tukanunua ndizi zake zote.

Jioni ya kwanza tulilala Kinunu, penye kiwanda cha kuoshea kahawa. Jua linazama, wavuvi wakatoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wanapiga makasia huku wanaimba. Wanakwenda kuvua sambaza usiku. Sambaza tukaletewa za kukaanga, na mimi kuonja tu nikasema hawa nawajua. Kweli, ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nimesafiri siku tatu kwenda kula dagaa wa Kigoma!

Kibuye tuliingia kwa mteremko mrefu, upepo masikioni, ziwa na visiwa vyake chini yetu. Huo mteremko ndio niliolipia. Nikamtumia mchumba picha, nikamkumbusha kwamba Septemba ileile Kigali ilikuwa imeandaa mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na wanawake walishindana, akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Akajibu, "Fundi bado anasubiri."

Nilirudi na laki mbili na nusu mkononi, miguu migumu kama mbao. Januari wazee wakaja. Wakakaa chini ya ramani ile ile, wakala pilau, baba mkwe akaiona baiskeli imeegemea ukuta akauliza ina gia ngapi. Kumi na nane, nikamjibu. Akatikisa kichwa, akaomba chai nyingine. Mambo ya dari hayakutajwa na mtu.

Walipoondoka nikamkalisha mchumba. Nikamwambia pesa za nyumba yetu tutakayojenga nitatoa nusu yangu bila kuvutana, na jipsamu tutaweka humo akitaka hadi jikoni. Ila pesa ya upatu ninaocheza kwa mshahara wangu, sitaiombea ruhusa kwake wala kwa shangazi, na baiskeli siiuzi. Kama hilo ni gumu, aniambie kabla ya mahari, si baada. Akaomba muda afikirie.

Nimempa. Mpaka naandika haya ni wiki ya tatu, anapiga simu kila jioni kama kawaida, tunaongea mpira, tunaongea kazi. La baiskeli bado hajaligusa.