Kiti cha Baba

Nilidhani wazazi wangu wamekosana. Kila nilipolala kwao Umoja wikendi, nikiamka usiku kwenda choo, nilimkuta Baba sebuleni kwenye kiti chake, blanketi hadi kifuani, TV imezimwa. Nikamrekodia dadangu ujumbe kwa WhatsApp: "Hawa wazee hawalali chumba kimoja, kuna noma." Tukacheka, tukaiacha hapo.

Mgongo wake tuliujua. Ameendesha lori kati ya Mombasa na Malaba miaka 26, na dereva asiyeumwa mgongo ni yupi? Eksirei ilitoka safi. Akapewa dawa za maumivu, akafanyishwa mazoezi, akauziwa mshipi wa kiunoni. Maumivu yakateremka hadi mguu wa kushoto. "Hiyo ni diski," kila mtu alisema, pamoja na mimi niliyelisoma hilo neno kwa simu.

Daktari wa nne alikuwa dada wa rika langu. Hakuanza na faili.

"Mzee, unalala aje?"

Baba akaniangalia kama mtu aliyeshikwa. "Nikijilaza ndio inaanza. Siku hizi nakaa tu."

"Tangu lini?"

"Miezi saba hivi."

Akaweka kalamu chini. Maumivu ya diski, alisema, mara nyingi hupungua mtu akijilaza. Yale yanayomfukuza mtu kitandani, halafu yakapoa akiketi au akisimama, yanataka MRI. Eksirei huonyesha mifupa, neva haizioni.

Sasa, MRI nayo inataka nini? Ulale chali, usitingishike, karibu dakika 40. Yaani tulikuwa tunamwomba Baba kile kitu kimoja ambacho hawezi. Figo zilikuwa zimeshapimwa kwa sababu ya gadoliniamu, dawa wanayodunga mshipani ili uvimbe ung'ae kwenye picha. Akavua saa, akatoa sarafu mfukoni, akaingia. Dakika ya tisa akafinya kile kipira cha kuita msaada. Alitoka jasho limelowesha gauni la hospitali, akaniomba msamaha. Akaniomba mimi, niliyekuwa nikimcheka WhatsApp. Fundi wa mashine hakutugombeza. Alisema turudi Alhamisi, Baba adungwe dawa ya maumivu kwanza, awekewe mto chini ya magoti. Alhamisi akamaliza.

Daktari alitugeuzia skrini. Uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo neva huning'inia ndani ya maji kama mkia wa farasi, na hilo ndilo jina madaktari wameupa. Katikati ya huo mkia palikuwa na kitu cha ukubwa wa tende. Kabla ya dawa kilikuwa kijivu tu, ungekipita. Baada ya dawa kiliwaka kama balbu. Ripoti ilisema huenda ni shwanoma, uvimbe wa seli zinazofunika neva, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Huenda. Ependimoma, uvimbe mwingine wa sehemu hiyo hiyo, unaweza kufanana nayo kabisa kwenye picha. Mpaka utolewe uwekwe chini ya darubini, hakuna daktari wa kuapa.

Na hiyo "huenda" tuliishi wiki tano. Tulichanga, tukakopa, tukagombana kuhusu nani amechanga kidogo. Mama hakulitaja neno saratani hata siku moja. Alisema "hicho kitu," akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kilitolewa. Jibu la maabara likaja: shwanoma, na si saratani.

Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi. Baba anasema ni kama amevaa soksi isiyovulika. Kuna MRI nyingine ya kuangalia kama kimerudi, na hiyo ameshaanza kuilalamikia. Kile kiti sasa kimejaa nguo zinazongoja pasi. Asiyelala ni Mama, ati mkoromo wa huyu mzee umezidi.