Saa ya Dola 40



Mwaka 2025 Baba Katekista wetu alitimiza miaka 30 ya utumishi, nasi vijana wa parokia moja ya hapa Bukavu tukaazimia kumpa zawadi ya shukrani. Kuchanga hakukuwa kazi nyepesi. Mabenki ya mji yalikuwa yamefunga milango tangu mwezi wa pili, noti zikawa adimu, na hata aliyekuwa na akiba hakuweza kuigusa. Hata hivyo, kwa muda wa majuma saba, franka kwa franka, tulifikisha dola 65. Sisi watano wa kamati tulitumwa kutafuta saa ya mkono, kwa maana Baba Katekista, ambaye hutuhimiza kila siku tusichelewe Misa, alikuwa akiwauliza wapita njia saa ngapi tangu ya kwake ilipokufa.

Katika soko la Kadutu tulimkuta kijana aliyetandika kitambaa chini na kupanga juu yake chaja za simu, miwani ya jua na saa za betri za dola 5. Pembeni ilikuwapo saa moja ya chuma, nyembamba, ambayo uso wake ulikuwa umepauka kwa umri. Juu yake liliandikwa jina la Omega. «Hii ni ya zamani, wakubwa wangu,» alisema. «Haina betri, lazima uitie ufunguo kila asubuhi. Nipeni dola 40.»

Tulifurahi, kisha tukaogopa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tulijua kwamba saa yenye jina kubwa inapouzwa kwa bei ndogo, huenda ni ya bandia au ni ya wizi. Hatukujua bado kwamba ipo sababu ya tatu.

Tulimwomba kijana twende naye kwa fundi wa saa, mzee aliyekaa na meza yake ndogo chini ya baraza karibu na soko. Mzee alivaa lenzi yake jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha alituita mmoja mmoja tutazame. Ndani mlikuwa na mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, jina la kiwanda limechongwa juu ya chuma chenyewe, na gurudumu dogo likienda na kurudi bila kupumzika. Alituonyesha vijiwe vyekundu, yaani yakuti zinazotengenezwa viwandani, ambazo hubeba ncha za magurudumu ili chuma kisilane na chuma. Saa hiyo ilikuwa na 17.

Mzee alitufundisha pia sababu ya saa kama hizo kudharauliwa kwa muda. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono ya kwanza inayoongozwa na kipande cha kwatzi na betri. Saa za namna hiyo zilikwenda sawasawa kuliko zile za ufunguo, na baadaye bei yake ikashuka sana, hata viwanda vingi vya Uswisi vikafunga. Watu wengi waliziweka saa za baba zao sandukuni. Baadaye wengine walianza kuzitafuta tena kwa kuthamini kazi ya mikono iliyomo.

«Ni ya kweli,» alisema mzee kwa sauti ya chini, kijana akiwa amesogea kando kujibu simu. «Inahitaji kuoshwa na kutiwa mafuta mapya, na isiguse maji. Lakini wanaopenda saa za zamani kule Ulaya hulipa dola mia kadhaa kwa saa kama hii.»

Hapo hofu ya kwanza ilikwisha. Ya pili ilibaki. Tulimwuliza kijana saa ni ya nani, naye bila kusita alitupeleka nyumbani kwao. Mama yake alitukaribisha, akatuletea picha ya zamani: mzee mmoja amesimama mbele ya nyumba ya matofali, mkono umekunjwa kifuani, na saa ileile imeonekana wazi. Ilikuwa ya baba mkwe wake, marehemu. Aliiuza kwa sababu binti yake alikaribia mtihani wa taifa na malipo ya shule hayajakamilika. Alihitaji dola 40. Ndiyo maana bei ilikuwa 40.

Kwa hiyo saa haikuwa ya bandia, wala haikuwa ya wizi. Ilikuwa rahisi kwa sababu mama yule hakujua thamani yake, na kwa sababu siku zilikuwa zimembana. Tuliaga tukisema tutarudi kesho yake.

Usiku ule tulibishana kuliko tulivyowahi kubishana. Mweka hazina wetu alisema: «Bei ni mapatano ya watu wawili. Ameitaja mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Tukilipa 40 tumemsaidia, binti atafanya mtihani, na Baba Katekista atapata zawadi ambayo hatujawahi kuiota.» Mwingine aliongeza kwamba ujuzi nao ni mali: sisi tulikwenda kwa fundi, tukamlipa, basi kwa nini tusifaidi tulichojifunza? Hatukuwa na jibu jepesi. Kusema kweli, wengi wetu tulitamani wawe na haki.

Padri mlezi wetu hakutuamulia. Alitusimulia tu mambo mawili. La kwanza ni la Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Utatu. Anaeleza habari za mchekeshaji aliyeahidi kuwaambia watu wote wanachokitaka moyoni; siku ilipofika, aliwaambia kwamba wote wanataka kununua kwa bei rahisi na kuuza kwa bei ghali, na watu wakamshangilia. Lakini Augustino anaongeza kwamba yeye alimjua mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake, na mtu huyo akalipa bei ya haki, iliyopita mbali ile aliyoombwa. La pili ni la Mtakatifu Toma wa Akwino. Yeye hakatai faida ya mfanyabiashara. Lakini anafundisha kwamba muuzaji akitoa dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua, mnunuzi huyo hutenda udhalimu na hana budi kurudisha.

Tulielewa hapo penye kosa letu. Ujuzi wa fundi ulistahili malipo, naye alilipwa. Lakini faida tuliyoitamani ingedumu kwa sharti moja: mama yule aendelee kutojua. Tukajiuliza swali moja: je, tunaweza kumwambia usoni yote tunayoyajua, kisha tukanunua kwa dola 40? Tuliona haya hata kulifikiria.

Kesho yake tulimweleza yote. Tulitazamia kwamba atafurahi. Alikaa kimya, akaishika saa kwa mikono miwili, kisha akauliza: «Hizo mia kadhaa, wanangu, ziko wapi? Nani hapa Bukavu atanipa leo? Mtihani haungoji.»

Swali hilo lilitunyenyekeza. Tulikuwa tumekuja na ukweli, tukadhani ukweli peke yake unatosha. Bei ya Ulaya haikuweza kulipa shule ya Bukavu. Na sisi, hata tungetoa dola zote 65, tungekuwa bado mbali na haki.

Siku ya Dominika, baada ya Misa, tuliwarudia wote waliochanga, kwa kuwa fedha zilikuwa zao. Tuliomba ruhusa ya kumkopesha mama dola 40 na kumnunulia Baba Katekista saa kwa zile zilizobaki. Wachache walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Wengi walikubali. Mama alitaka tubaki na saa iwe rehani. Tulikataa, si kwa ukarimu mkubwa, bali kwa kujijua: tungeishika saa ile, siku moja tungeanza kutumaini moyoni kwamba atashindwa kulipa.

Baba Katekista alipewa saa ya betri ya dola 12, mpya, yenye namba kubwa anazoweza kuzisoma bila miwani. Aliivaa papo hapo. Binti alifanya mtihani. Kufikia leo mama amerudisha dola 25, na saa ya babu iko kabatini mwake. Anajua sasa ni kitu gani, naye atachagua lini na kwa nani ataiuza, au kama ataiuza. Mweka hazina wetu bado husema tulipoteza nafasi ambayo haitarudi. Hatumkatalii. Tulipoteza kweli, na ilituuma.

Wapendwa, wakati huu wa shida vitu vingi vinauzwa rahisi mjini kwetu: mashamba, mashine za kushona, vitanda, simu. Si kila bei rahisi ni dhambi, na anayenunua humpa muuzaji mkate wa siku. Lakini kabla ya kushukuru kwa bahati, tuulize bahati hiyo imetoka mfukoni mwa nani.

Maswali ya kutafakari kikundini:

1. Je, tumewahi kununua kitu tukijua muuzaji hajui thamani yake? Tulijisikiaje?
2. Tukimwambia mtu ukweli unaomfaa lakini hatumsaidii katika shida yake, tumemaliza wajibu wetu?
3. Ni familia gani katika jumuiya yetu inayouza vitu vyake mwezi huu, nasi twaweza kufanya nini kabla haijafika sokoni?