Mapafu Kwenye Barafu

Babu yangu wa Msambweni alichoma chokaa miaka mingi. Tanuu la mawe ya matumbawe na kuni za mikoko lilimlisha yeye na watoto wake, lakini moshi nao ulikaa kifuani. Siku hizi akitoka msikitini hupumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani.

Likizo ya Agosti alinishika. "We msomi, ati Wazungu wanabadilisha mapafu kama betri za redio?"

Nikamwuliza mwalimu wa bayolojia, kisha nikamweleza babu kwa maneno yetu ya pwani, manake yale ya kitabuni angenifukuza.

Ni kweli, babu. Mwaka 1963 huko Mississippi, Marekani, Daktari James Hardy alimpandikiza mtu pafu, akaishi siku 18. Ilibidi kungoja hadi 1983, mjini Toronto, ndipo mgonjwa wa Daktari Joel Cooper akaishi miaka. Taabu si kushona tu. Pafu ni kama samaki, likikosa damu huanza kuharibika. Wewe samaki humtoa matumbo ukamtia barafu. Wao huanza mapema zaidi, pafu likiwa bado mwilini mwa mtoaji, ubongo wake umekufa lakini mashine inampumulisha. Humpa dawa za jamii ya steroidi kutuliza uvimbe, na mara nyingi prostaglandini ili mishipa ilegee. Mishipa ikisinyaa, maji baridi ya kuoshea hayafiki kila pembe. Kisha huliacha na hewa kiasi na kulihifadhi kwenye nyuzi 4 hivi. Kwa desturi lina muda wa saa 6 hadi 8.

Kilichonishangaza mimi ni hiki: damu ikisharudi ndipo pafu laweza kuumia zaidi, likajaa maji. Ndiyo sababu dawa hutangulia.

"Saa sita!" babu akasema. "Si zitaishia kwenye foleni ya feri Likoni?"

Halafu akanyamaza kitambo.

"Na yule mwenyewe, aliulizwa?"

Nikamwambia Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka ridhaa, yake au ya jamaa zake.

"Basi langu wasihangaike nalo, limejaa chokaa."

Tukacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nami nikakimbilia mtungini kumletea maji.